Kabla hujaliuza jiwe lako, jua lilivyozaliwa

Tangu watu wajue kwamba nilisomea mawe, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Mwalimu, hili ni la pesa ngapi?" Jiwe lenyewe huja limefungwa kwenye kipande cha gazeti, au limelazwa ndani ya kiberiti tupu kama mtoto mchanga. Jibu langu halibadiliki. Bei siijui, kwa sababu mimi si dalali. Ninaloweza kukwambia ni jiwe gani hilo na lilizaliwaje huko chini. Wengi huvunjika moyo wakisikia hivyo, na mimi huwashangaa, maana bei ya jiwe hutengenezwa na hayo mawili: jina lake na asili yake. Dalali anayajua. Muuzaji hayajui. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mmoja ajenge ghorofa na mwenzake arudi shimoni kesho asubuhi.

Sisi wa Pwani tumezoea kujihesabu kuwa watu wa samaki, minazi na bandari. Lakini hebu tazama mgongoni kwetu. Mangare kuna yakuti. Kasigau na vilima vya Mwatate kuna kito cha kijani ambacho jina lake limetokana na Tsavo yetu. Vitengeni, ndani ya Ganze, kuna madini ya risasi. Mchanga wa Kwale ulichimbwa titani kwa zaidi ya miaka 10 hadi shughuli zilipofungwa mwisho wa 2024. Mali hizo zote zina hadithi, na nyingi kati ya hadithi hizo zinaanza na maji ya moto.

Kwanza tuelewane juu ya neno madini. Mwamba ni mchanganyiko, kama pilau: una mchele, nyama na bizari. Madini ni kitu kimoja ndani ya mchanganyiko huo, chenye viungo vyake maalumu na mpangilio wake maalumu. Atomu zake zimejipanga safu kwa safu, juu na chini, bila kuvuruga mstari, na mpangilio huo ukipata nafasi ya kukua hutoa umbo la nje linaloitwa fuwele. Chukua chumvi ya mawe kutoka mabwawa ya Gongoni au Marereni uitazame kwa karibu: ni vijisanduku. Hakuna aliyeichonga. Ndivyo atomu zake zilivyojipanga. Kipande cha chupa hakina mpangilio huo, na ndiyo maana kioo, hata king'ae namna gani, si fuwele.

Kito basi ni madini yaliyopata bahati tatu: rangi au mng'aro wa kupendeza, ugumu wa kustahimili kuvaliwa, na uchache. Rangi mara nyingi huletwa na mgeni mdogo aliyeingia ndani ya safu. Yakuti nyekundu ni oksidi ya alumini, kitu ambacho kikiwa safi hakina rangi kabisa. Ingiza kromiamu kidogo, hata chini ya sehemu 1 katika 100, kinakuwa chekundu. Ingiza chuma na titani badala yake, unapata yakuti samawi. Mwili ni ule ule, kitaalamu unaitwa korundumu, na mgeni ndiye aliyebadilisha jina la ukoo.

Sasa tuje kwenye maji. Nani asiyejua shira ya kaimati? Unaweka sukari nyingi kwenye maji, unachemsha, sukari yote inapotea machoni. Maji ya baridi yasingeweza kuimeza sukari yote ile. Ukiiacha shira nzito ipoe, sukari inaanza kurudi: kaimati zinavaa gamba jeupe, na pembeni mwa sufuria unaona chembe zinazometa. Maji yaliyokuwa moto yalibeba mzigo. Yalipopoa yakaushusha. Ukielewa shira umeelewa nusu ya elimu ya mishipa ya madini.

Chini ya ardhi kila unapoteremka kilomita 1 joto hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi katika sehemu za kawaida, na zaidi palipo na volkeno. Maji ya mvua na ya bahari hupenya kwenye nyufa hadi huko, mengine hufinywa kutoka kwenye tope lililozikwa, na mengine hutoka kwenye uji wa miamba unaopoa. Yakifika chini huwa na nyuzi 150, 300, hata 400, lakini hayageuki mvuke kwa sababu uzito wa miamba iliyo juu unayabana. Maji ya namna hiyo yana njaa. Huyeyusha silika, na yakiwa na chumvi nyingi huweza kubeba hata risasi, zinki na shaba, kwani chumvi huzishika metali hizo na kuzisafirisha. Dhahabu nayo husafirishwa, aghalabu kwa msaada wa salfa.

Kisha ardhi inapasuka. Tetemeko linafungua ufa, maji yanakimbilia humo kwenda juu, na huko mambo hubadilika ghafla. Joto linashuka. Mgandamizo unapungua, maji yanachemka. Au yanakutana na maji mengine ya baridi yenye viungo tofauti. Lolote kati ya hayo likitokea, mzigo hauwezi kubebeka tena, na madini yanaanza kuganda kwenye kuta za ufa, tabaka moja juu ya jingine, kutoka ukutani kuelekea katikati. Wahandisi wa umeme wa mvuke duniani wanalijua jambo hili kwa uchungu: silika huganda ndani ya mabomba yao hadi yanaziba. Ndani ya ardhi bomba ni ufa, na ufa ulioziba ndio mshipa.

Ndiyo sababu ukivunja mwamba ukaona mstari mweupe umekatiza, aghalabu ni kwatzi, yaani silika iliyoganda. Na ndiyo sababu fuwele nzuri hupatikana katikati ya mshipa, mahali palipobaki na uwazi. Zilizoanza ukutani zilibanana zikagombania nafasi. Za katikati zilikua huru, zikachonga ncha zao. Mchimbaji mzoefu anapogonga mwamba akasikia sauti ya uwazi huacha nyundo kubwa akachukua ndogo. Anayeendelea kwa nyundo kubwa hutoa changarawe.

Mishipa ya kwatzi ndiyo iliyoleta pia dhahabu ya Kakamega, iliyowakusanya watu kwa pupa miaka ya 1930. Na zumaridi za Kolombia, zile za Muzo na Chivor zinazotajwa duniani kote, ziliganda kwenye nyufa za mwamba mweusi wa tope baada ya maji ya moto yenye chumvi kupita humo. Cha ajabu ni kwamba huko hakukuwa na volkeno yoyote jirani. Chumvi na joto la kina vilitosha.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni Vitengeni. Nyuma ya ukanda wetu wa matumbawe kuna mawe ya mchanga ambayo wataalamu huyaita ya Duruma, jamaa na yale ya Mazeras tunayotandika kwenye nyua na varanda. Yana zaidi ya miaka milioni 180. Yalipopasuka, maji ya moto yenye chumvi yalipita kwenye nyufa na kuacha galena, madini ya risasi na salfa, pamoja na baraiti, jiwe jeupe zito ambalo hutumika kwenye visima vya mafuta. Galena ilichimbwa pia Kinangoni, ndani ya ukanda huo huo, na ile ilikuja na fedha ndani yake.

Galena ni rahisi kuitambua. Rangi yake ni ya kijivu yenye kung'aa kama bati jipya, na ukiigonga hupasuka vijisanduku. Mpangilio wa atomu zake ni kama wa chumvi ya Gongoni, ila mahali pa chumvi kuna risasi na salfa. Uzito wake hushtua: ni mara 7 na nusu ya maji, ilhali jiwe la kawaida ni mara 2 na nusu au 3. Watu wameshaniletea wakiapa kwamba ni fedha safi. Ni kweli galena hubeba fedha kidogo, lakini kuitoa kunahitaji kiwanda, na hapa sina budi kusema kwa sauti. Asithubutu mtu kuiyeyusha galena uani kwenye jiko la makaa. Moshi na vumbi lake ni risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo, wala hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea.

Na tukiwa hapo hapo, kuna galena nyingine ambayo haikutoka Vitengeni na imo ndani ya vyumba vyetu. Wanja wa manga ule wa mawe yaliyosagwa, unaouzwa kwa jina la ithmidi, mara nyingi si antimoni kama inavyosemwa bali ni galena tupu. Vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali vimekuta risasi nyingi kwenye wanja wa aina hiyo. Mtu mzima akiupaka siku ya harusi ni shauri lake. Kichanga cha siku 7 kupakwa machoni, naye hupeleka kila kidole mdomoni, hilo nalipinga, na bibi zangu wanisamehe. Wanja wa masizi hauna neno hilo.

Turudi Taita, maana huko hadithi inabadilika kidogo. Vito vya Taita si vyote vya mishipa. Kama miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya kale yaligongana na kukunja milima mirefu ambayo mabaki yake yanaanzia Msumbiji, yanapita Tanzania, yanakuja Taita na kuelekea Uhabeshi. Wataalamu huuita Ukanda wa Msumbiji. Madagaska na Sri Lanka, ile Sarandibu ya mabaharia wetu, zilikuwa zimeungana na sehemu hizi, na si bahati nasibu kwamba nazo zina vito vingi. Miamba ilizikwa kwa kina kirefu, ikapikwa kwa zaidi ya nyuzi 500, na bila kuyeyuka kabisa ikageuka kuwa miamba mingine.

Ndani ya mapishi hayo kulikuwa na tope la bahari ya kale lililojaa mabaki ya viumbe. Mabaki yale yakawa grafaiti, kitu kile kile cha ncha ya penseli. Tope hilo lilikuwa na vanadi kidogo, na palipokuwa na chokaa na alumini, vikaungana na silika kuunda ganeti ya kijani. Mwanajiolojia Mskoti Campbell Bridges aliikuta kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wetu karibu na Tsavo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Tiffany ya New York iliitangaza mwaka 1974 kwa jina la tsavoraiti. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi mwaka 2009 katika ugomvi juu ya machimbo. Aghalabu tsavoraiti hupatikana ndani ya vidonge vya mviringo ambavyo wachimbaji huviita viazi, kwenye mkanda wa mwamba mweusi wa grafaiti, na mahali pengine ndani ya mishipa ya kwatzi. Mwamba huo mweusi ndio dalili njema, na pia ndio adui: ni laini, unateleza, na paa la shimo lililochimbwa ndani yake bila nguzo haliaminiki.

Yakuti ya Mangare nayo ina siri ambayo nikiieleza watu huniangalia kwa mashaka. Ili yakuti izaliwe, lazima silika iondoke. Silika ndiyo kitu kilichojaa kuliko vyote kwenye miamba ya juu ya dunia, na alumini ikiwa karibu nayo huungana nayo ikawa madini ya kawaida yasiyo na soko. Kule Mangare kuna miamba ya asili ya kina sana, maskini wa silika na tajiri wa kromiamu. Ilipokutana na miamba yenye silika, na maji ya moto yakapita katikati, silika ilivutwa kuelekea upande uliokuwa na uhaba. Alumini ikabaki peke yake, ikaganda kuwa korundumu, na kromiamu ya jirani ikaipaka rangi. Wamarekani wawili, John Saul na Elliott Miller, ndio waliotambua yakuti ya hapo mwaka 1973, na mgodi mmoja hadi leo unaitwa kwa jina la Saul.

Kwa nini nakuchosha na haya? Kwa sababu mahali jiwe lilipozaliwa panakwambia la kutegemea. Ukileta jiwe jekundu ukasema umeliokota kwenye mshipa mweupe wa kwatzi, nitakwambia kabla sijalifungua karatasi kwamba si yakuti. Korundumu na kwatzi hazilali kitanda kimoja. Silika ikiwepo kwa wingi, yakuti haizaliwi. Jiwe lako huenda ni ganeti nyekundu, ambayo Taita imejaa na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha.

Kuna kipimo cha rahisi cha kutofautisha hizo mbili, nacho kipo kwenye duka lolote lenye taa ya zambarau ya kukagulia noti. Ingia mahali penye giza, mulika. Yakuti ya Mangare huwaka nyekundu kama kaa la moto kwa sababu ya kromiamu yake. Ganeti hubaki kimya. Lakini tahadhari: yakuti ya kiwandani nayo huwaka, tena pengine kwa nguvu zaidi. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuitengeneza tangu 1902, kwa hiyo hata pete ya dhahabu ya bibi mzaa bibi yako inaweza kuwa na jiwe la tanuri. Taa itakwambia kwamba ni korundumu yenye kromiamu. Haitakwambia imetoka mgodini au kiwandani. Hilo huonwa kwa lenzi ya kukuza mara 10: ya kiwandani mara nyingi ina mistari iliyopinda kama mitaro ya sahani ya santuri, ya ardhini mistari yake hunyooka. Ukiona viputo vya duara ndani, mara nyingi ni kioo, au jiwe la tanuri. Siku hizi kuna hadaa nyingine: yakuti mbovu zenye nyufa hujazwa kioo chenye risasi ili zionekane safi. Mshipa wa bandia, ukipenda. Chini ya lenzi, ukiligeuzageuza jiwe, nyufa hizo humeta rangi ya samawati, na sonara akiligusisha moto au ndimu wakati wa kazi, kioo huharibika.

Juu ya ugumu, Mjerumani Friedrich Mohs alitupa ngazi ya 1 hadi 10 mwaka 1812. Kucha ni 2 na nusu, kisu na kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu, kwatzi ni 7, korundumu 9, almasi 10. Jiwe linalokwaruzwa na kisu si kito cha pete. Ila naomba usilikwaruze jiwe lililokwisha kuchongwa ili kulijaribu, na usiligonge. Gaidi mkubwa wa vito vya Taita ni imani kwamba jiwe la kweli halivunjiki kwa nyundo. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa, kuvunjika ni jambo lingine. Hata almasi hupasuka.

Akiki nayo niipitie kwa haraka, kwa kuwa wazee wengi wanaivaa kwenye pete za fedha. Hiyo ni silika iliyoganda kwa nyuzi laini mno, tabaka kwa tabaka, kutoka kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya matundu ya miamba ya volkeno, na wekundu wake ni kutu ya chuma. Akiki hunywa rangi kama kitambaa, kwa hiyo zile za waridi kali na samawati kali zinazouzwa madukani karibu zote zimetiwa rangi. Hakuna ubaya, mradi bei iwe ya rangi.

Na bei ndiyo ninayomalizia, kwa upande wake ninaoujua. Katiba, Kifungu cha 62, inasema madini yote ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya shamba la babu yako. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo inayotoa vibali vya wachimbaji wadogo, na ndiyo iliyogawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yalipotoka. Jiwe linalouzwa gizani kando ya barabara halilipi asilimia yoyote kwa yeyote, na jamii haiwezi kudai sehemu ya kitu ambacho hakikuandikwa.

Halafu kuna mizani. Kwenye mashimo jiwe ghafi huuzwa kwa gramu. Katika masoko ya nje, jiwe lililochongwa huuzwa kwa karati, na karati 5 ndizo zinazofanya gramu 1. Kijana mmoja kutoka pande za Kasigau alinieleza kwa furaha kwamba amepata dalali mkweli, kwa sababu bei aliyompa ni ile ile aliyoiona kijana mwenyewe kwenye simu. Nikamwomba anionyeshe. Ya dalali ilikuwa kwa gramu, ya kwenye simu ilikuwa kwa karati. Ni kweli kwamba kuchonga hupoteza sehemu kubwa ya jiwe ghafi, mara nyingi zaidi ya nusu, na mchongaji naye lazima alipwe, kwa hiyo hesabu haiwezi kuwa mara 5 kamili. Lakini gramu na karati si kitu kimoja. Mwenye jiwe na aende sokoni na vitu vitatu: mizani yake mwenyewe ya gramu, hata ile ndogo ya dukani, lenzi, na maelezo yaliyoandikwa ya mahali jiwe lilipotoka, mwamba gani, mshipa au mkanda gani. Mnunuzi makini atayauliza hayo maelezo kabla hajalitazama jiwe lenyewe.